Kifurushi rahisi chaweza kuwa ghali

Fedha za korosho zikiingia, wengi wetu tulioko Newala na Masasi hukimbilia laini mpya kwa kusikia tu kwamba vifurushi vyake ni rahisi. Tutafakari kwanza. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Mtandao unaoshika vyema sokoni huenda usishike kijijini kwa mama. Kifurushi kisichomfikia mama ni ghali, hata kikiuzwa kwa bei ndogo.

Basi tuanze kwa kuuliza majirani wa mama wanatumia laini gani. Kisha tutazame kama dakika ni za mitandao yote au za mtandao mmoja tu. Tena tusinunue cha mwezi ilhali cha wiki kinatutosha. Dakika zinazokwisha muda bila kutumika ni israfu. Tukilazimika kubadili mtandao, tangu Machi 2017 twaweza kuhama na namba yetu ileile.

Kuunga udugu ni wajibu. Dakika za wazazi zitangulie, picha na video zifuate.