Aliye Upande wa Pili wa VPN Yako

Ukigusia tu usalama wa mtandaoni, hakosekani mtu wa kukukatiza: "Washa VPN, hakuna atakayekuona." Maneno haya yanasemwa vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp, na mafundi simu wanawawekea wateja programu hiyo hata kabla hawajaombwa. Wanafunzi wanaambiana hivyo, na waandishi wa habari vilevile. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba hata watu wenye jambo zito la kuficha, kama mtumishi anayetaka kufichua wizi wa fedha za umma au mwanamke anayemkimbia mume anayempiga, nao wanapewa ushauri huohuo na wanauamini. Nasema ushauri huu ni wa uongo, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu mtu anayejiona amefichwa huthubutu kusema na kufanya mambo ambayo angeyafanya kwa tahadhari kama angejua anaonekana.

Ukifungua tovuti bila VPN, ombi lako linapita kwa kampuni yako ya simu. Kampuni hiyo inajua laini imesajiliwa kwa jina lako, na nchini Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Inajua uko karibu na mnara upi, na inaona majina ya tovuti unazotembelea, ingawa kwa tovuti nyingi za siku hizi haioni unachokiandika ndani yake. Ukiwasha VPN, simu inayafunga maombi yako yote kwa msimbo na kuyapeleka kwenye seva moja, labda Uholanzi, labda Singapore, na seva hiyo ndiyo inayokwenda kwenye tovuti kwa niaba yako. Kuhusu tovuti, kampuni ya simu inabaki kuona kitu kimoja tu, kwamba unawasiliana na seva ile. Hapo ndipo watu wanaposhangilia, wakati orodha ya tovuti zako bado ipo nzima, mikononi mwa mwenye seva. Ni sawa na mtu aliyeogopa tarishi wa mtaani kwake asije akaisoma barua yake, akamkabidhi mpita njia asiyemjua hata jina.

Simu yenyewe inakuonya. Mara ya kwanza unapoiwasha programu ya VPN kwenye Android, unatokea ujumbe unaosema kwamba programu hii inataka kuweka muunganisho utakaoiwezesha kufuatilia mawasiliano yako ya mtandao, na kwamba ukubali tu ikiwa unakiamini chanzo chake. Chini yake kuna kitufe cha kukubali, na kidole kinakibonyeza kabla jicho halijafika mwisho wa sentensi. Kisha juu ya skrini kunatokea kialama cha ufunguo, na mtu anajisikia salama kwa sababu ameuona ufunguo. Sijawahi kukutana na mtu aliyeniambia kwamba aliusoma ujumbe ule akasita.

Proksi za kwenye kivinjari ni hatari zaidi, na ndizo zinazopendwa mashuleni na maofisini kwa sababu hazihitaji kupakua chochote. Unafungua ukurasa wenye kisanduku, unaandika anwani ya tovuti iliyofungwa, unabonyeza, nayo inafunguka. Sasa tazama kwa makini juu ya kivinjari. Ndani unaona Facebook au barua pepe yako, lakini anwani iliyoandikwa pale juu ni ya proksi. Hata kile kikufuli kinachokuhakikishia kwamba mawasiliano yamefungwa ni kikufuli cha proksi. Mawasiliano yamefungwa kutoka kwako hadi kwake, yakafunguliwa pale, kisha yakafungwa upya kwenda Facebook. Ukiandika neno lako la siri, linafika kwa mwenye proksi likiwa wazi kabla halijafika kwingine kokote. Anayeitumia njia hiyo kuingia kwenye akaunti yake ya benki amempa mtu asiyemjua kila kitu kinachohitajika kuifungua.

Na hawa wenye seva ni akina nani? Seva hukodishwa kwa fedha, na mamilioni ya watu wakipitisha video zao humo kila siku bila kulipa hata senti, basi kuna mahali pengine gharama inapolipiwa. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya sayansi ya taifa la Australia, CSIRO, walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za virusi. Asilimia 75 zilibeba vifuatiliaji vya kampuni nyingine. Asilimia 18 hazikufunga mawasiliano kwa msimbo wowote, yaani kazi yenyewe ziliyowekewa hazikuifanya. Mwaka 2020, UFO VPN na programu nyingine zenye uhusiano na Hong Kong, ambazo ziliwaahidi watumiaji kwamba hazihifadhi kumbukumbu, zilikutwa zimeacha kumbukumbu hizohizo wazi kwenye mtandao, pamoja na maneno ya siri ya watu.

Kisha kuna Onavo. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni hii ya Israeli, na programu yake ya Onavo Protect ikatangazwa kama VPN ya bure ya kumlinda mtumiaji. Nyuma ya pazia ilikuwa inakusanya habari za programu ambazo watu wanatumia kwenye simu zao, mara ngapi na kwa muda gani, ikizipeleka kwa Facebook ili ijue washindani wake wanakuaje. Nyaraka zilizotolewa na Bunge la Uingereza Desemba 2018 zilionyesha takwimu za Onavo kuhusu ukuaji wa WhatsApp, takwimu zilizokuwa mikononi mwa Facebook kabla haijainunua WhatsApp mwaka 2014. Watu walipakua kinga ya faragha, kumbe wamepakua kipimo cha soko kilichokaa ndani ya simu zao mchana na usiku.

Baya kuliko Onavo lilikuwa 911 S5. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kukamatwa kwa YunHe Wang, raia wa China aliyekamatwa Singapore, kwa tuhuma za kuendesha mtandao wa kompyuta zilizotekwa kupitia VPN za bure zenye majina kama MaskVPN na DewVPN. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, anwani za IP zaidi ya milioni 19, katika nchi karibu 200, ziliingizwa kwenye mtandao huo, na wahalifu wakauziwa nafasi ya kupitia humo. Maana yake ni kwamba wewe unayetaka kujificha nyuma ya VPN unageuzwa kuwa proksi ya mtu mwingine. Mwizi wa kadi za benki anafanya wizi wake, na wapelelezi wakifuata nyayo, zinaishia kwenye anwani ya nyumbani kwako. Hapo utamweleza nini askari?

Lakini hata tuseme umepata VPN safi kabisa. Ukishaiwasha, unafungua Instagram ukiwa umeingia kwa akaunti yenye jina na picha yako. Unafungua ramani, na kifaa cha GPS kinasema uko Magomeni. Unaingia kwenye grupu la WhatsApp kwa namba ileile iliyosajiliwa kwa kidole chako. VPN imebadilisha anwani yako ya IP, nayo ni alama moja tu kati ya nyingi. Anayetaka kujua nani aliandika nini kwenye grupu la mtaa hahitaji mitambo ya kijasusi, kwa sababu mwanachama mmoja akipiga skrinishoti na kuituma polisi, kazi imekwisha. Simu ikichukuliwa na kufunguliwa, kazi imekwisha vilevile. Hatari hizi ndizo zilizo karibu zaidi na mtu wa kawaida, na VPN haizigusi.

Najua jibu nitakalopewa: serikali zinafunga mitandao, sasa watu wafanye nini? Hoja hiyo naiheshimu. Uganda ilipoanza kutoza kodi ya mitandao ya kijamii Julai 2018, shilingi 200 za huko kwa siku, watu waliikwepa kwa VPN, na sikuona kosa lao. Facebook ilipofungwa nchini humo Januari 2021, na X ilipofungwa Tanzania Mei 2025, VPN ikawa ndiyo njia ya kupitia. Kwa kazi hiyo ya kufungua kilichofungwa, inasaidia, na anayeitumia kusoma habari za nchi yake simlaumu hata kidogo. Ninachokataa ni kuichukua kazi hiyo moja na kuibandika jina la faragha. Kuvuka kizuizi na kutoonekana ukivuka ni mambo mawili, na VPN za bure nyingi hufanya la kwanza kwa kulitoa kafara la pili.

Tena hata hiyo kazi ya kwanza ina mpaka wake. Januari 13, 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, Uganda ilizima intaneti yote. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya hivyo mwisho wa Desemba 2018 baada ya kura, na giza likadumu karibu wiki tatu. VPN husafiri juu ya intaneti, kwa hiyo intaneti ikizimwa haina pa kupita. Waliokuwa wamejipangia mawasiliano yao yote juu ya VPN walijikuta sawa na wasiokuwa nayo, wakiuliziana habari za ndugu zao kwa simu za kawaida, zile ambazo kampuni inajua nani amempigia nani. Ushauri wa "washa VPN tu" uliwafanya wasijiandae kwa siku iliyokuwa muhimu kuliko zote.

Usiri wa kweli una mifano, na mfano mmoja uko kwetu. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mijadala mtandaoni la JamiiForums, kwa kukataa kuwapa taarifa za watumiaji walioandika bila kutaja majina. Alifikishwa mahakamani Kisutu, na kesi zikamchosha kwa miaka. Watumiaji wale walikuwa na ngao, na ngao yao ilikuwa mtu mwenye jina, anayejulikana ofisi yake, aliyekubali kusimama kizimbani kuliko kuwauza. Mfano wa pili uko Uswidi. Aprili 2023 polisi waliingia na hati ya upekuzi kwenye ofisi ya Mullvad, kampuni ya VPN ya kulipia, mjini Gothenburg, wakaondoka bila data ya mteja yeyote kwa sababu haikuwepo ya kuchukua. Kampuni hiyo haiulizi jina wala barua pepe. Kuna pia Tor, inayopitisha mawasiliano kwenye vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu tofauti, wengi wao wa kujitolea, ili pasiwe na kituo kimoja kinachojua wewe ni nani na pia unakwenda wapi. Ni ya polepole, na ukiingia humo kwa akaunti yenye jina lako umeiharibu kazi yake yote, lakini angalau haikulazimishi umwamini mtu mmoja kwa kila kitu.

Kwa nini basi mkazo wote unawekwa kwa mtumiaji? Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN wajisajili kabla ya Oktoba 30, watoe taarifa zao pamoja na anwani ya IP, na kanuni zilizotajwa zilikuwa na adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Mwalimu anayehitaji VPN kwa kazi yake aliulizwa yote hayo. Programu zinazovuna mawasiliano ya Watanzania hazikuulizwa swali hata moja katika tangazo hilo.

Australia ilianzia upande mwingine. Tume yake ya ushindani iliwashtaki wenye Onavo kwa kuwadanganya watumiaji, kwani programu hiyo ilipakuliwa zaidi ya mara 270,000 nchini humo huku ikijinadi kuwa ni ya kulinda data zao. Julai 2023 Mahakama ya Shirikisho iliziamuru kampuni mbili tanzu za Meta, mmiliki wa Facebook, kulipa jumla ya dola milioni 20 za Australia. Hakuna mtumiaji aliyeambiwa ajisajili.

Sheria za kufanya hivyo nasi tunazo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 pamoja na Ofisi ya Kamishna wa Data. Tanzania imetunga yake mwaka 2022 na ina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zote mbili zinampa mtu wa kawaida haki ya kuwasilisha malalamiko, bila kuwa na wakili na bila kuwa mtaalamu wa kompyuta. Mwanafunzi mmoja mwenye VPN ya bure kwenye simu yake anaweza kuandika malalamiko hayo wiki hii, akaambatanisha sera ya faragha ya programu, na kuitaka tume impatie majibu ya maswali matatu: nani anaimiliki, data yake inahifadhiwa nchi gani, na nani analipia seva.