Kimya cha Diski Si Dhamana

Imekuwa desturi ya wanunuzi wengi wa kompyuta zilizokwisha kutumika kuzipima kwa sikio. Mashine huwashwa, mnunuzi huinama, na diski kuu ikisikika kuvuma husemekana imechoka; ikiwa kimya, husifiwa kuwa nzima. Kipimo hicho kina ukweli kidogo na hatari kubwa.

Yafaa kwanza ieleweke sauti hiyo hutoka wapi. Ndani ya diski kuu mna sahani zenye utando wa sumaku, ambazo mota huzizungusha mara 5,400 au 7,200 kila dakika. Mvumo usiokatika ni wa mota na wa hewa inayosukumwa na sahani. Mkwaruzo mfupi mfupi ni wa mkono unaopeleka vichwa vya kusomea huku na huko. Vichwa hivyo havigusi sahani, bali huelea juu yake kwa nafasi iliyo ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Kwa hiyo mvumo peke yake si ugonjwa. Sauti ya kuogopwa ni ile ya kugonga, ta, ta, ta, inayojirudia bila kukoma. Mara nyingi huonyesha kwamba kichwa kimeshindwa kupata mahali pake.

Lakini katika mtaa kama Manzese, ni nani ataisikia? Nyumba zimebanana, magari ya Barabara ya Morogoro hayanyamazi, na feni inazunguka mchana kutwa. Mwenye steshenari anayepiga chapa mitihani ya shule hana utulivu wa kusikiliza diski.

Hata angalikuwa nao, usingalimtosha. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walitangaza matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Kila diski ilikuwa na vipimo vya ndani vya kuhesabu makosa yake yenyewe. Hata hivyo, katika zile zilizoharibika, zaidi ya asilimia 36 hazikuwa zimeonyesha kosa lo lote katika vipimo hivyo. Tena, katika diski zenye umri wa miaka 3, zaidi ya 8 katika kila 100 ziliharibika kwa mwaka. Ikiwa chombo chenyewe hakijui siku yake, sikio la mwanadamu litajuaje? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Diski za elektroniki, zisizo na kitu kinachozunguka, hazikuondoa tatizo hilo. Hazipigi kelele na hustahimili mtikisiko, lakini nazo hufa, na hufa bila kugonga. Umeme nao ukikatika ghafula, kazi iliyokuwa ikiandikwa yaweza kuharibika katika diski ya aina yo yote.

Basi swali la maana si kama diski inavuma, bali kama kilichomo kipo pia mahali pengine. Huenda wengine wakasema kwamba diski ya pili ni anasa kwa mtu wa kipato kidogo. Kwa picha nyingi na filamu, hoja hiyo ina uzito. Kwa orodha za alama na mitihani, haina: maandishi ya shule nzima kwa mwaka mzima huenea katika flashi moja ndogo. Flashi hiyo nayo isiachwe peke yake, wala isiwekwe juu ya kompyuta ileile, maana mwizi au moto huchukua vyote viwili. Ikae katika nyumba nyingine, na kila mwisho wa juma ifunguliwe ionekane kwamba inasomeka.

Mwalimu anayefundisha kompyuta hana budi kulifanya jambo hili kuwa zoezi la kwanza, kabla ya michoro na hesabu. Mwanafunzi aliyepoteza alama zake za miaka miwili hatafarijika kwa kuambiwa kwamba diski ilikuwa kimya. Akiba haiozi, lakini sharti iwe imewekwa kabla ya siku ya haja.