Zawadi ya Baba Itoke Mikononi mwa Mtoto

Jumapili ya tatu ya mwezi wa Juni, ambayo katika nchi nyingi huitwa Siku ya Baba, imeanza kujulikana na huku kwetu pia. Redio huitaja, baadhi ya makanisa huwaombea kina baba, na wenye maduka ya mijini hupata sababu nyingine ya kutundika mashati na mikanda mlangoni. Katika Mkoa wa Simiyu, siku hiyo huangukia msimu wa pamba, wakati ambapo mizani imefunguliwa na fedha imeanza kuingia mfukoni mwa mkulima. Mwenye duka analijua hilo vizuri. Kwa hiyo sisi tumeona inafaa tuseme neno mapema, kabla mtoto wa Bariadi, Itilima au Meatu hajafundishwa kwamba njia ya kumheshimu baba yake ni kumwomba baba huyo huyo fedha ili akamnunulie soksi.

Tunasema pia na wasomaji wetu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine, ambao gazeti huwafikia kwa meli. Pamba si habari yao kuu, lakini jambo lenyewe ni lao vilevile.

Historia ya siku hii ina funzo. Mama mmoja wa Marekani, Sonora Smart Dodd, alilelewa na baba aliyefiwa na mkewe, akabaki na watoto sita, yeye na ndugu zake wanaume watano. Kwa ajili ya baba huyo aliyewalea peke yake, Bibi Dodd aliomba iwekwe siku ya kuwakumbuka kina baba, nayo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Spokane tarehe 19 Juni, 1910. Wafanyabiashara walikuja baadaye. Mwaka 1938 wauza nguo za wanaume wa New York waliunda baraza la kuitangaza siku hiyo, na tangu hapo tai na sanduku la tumbaku vikawa ndiyo zawadi. Serikali ya Marekani iliitia siku hiyo katika sheria mwaka 1972 tu. Basi anayetaka kuifuata siku hii huku kwetu ana hiari ya kuchagua amfuate nani, yule binti au wale wauza tai.

Wapo wazee wanaouliza kwa nini mtoto ampe baba zawadi hata kidogo. Katika desturi za Usukumani, kama zilivyo za Wakerewe na Wakara, baba ndiye mtoaji, na mtoto hulipa kwa utii na kwa kuchunga ng'ombe. Tunaiheshimu hoja hiyo. Lakini mtoto wa huku amekuwa akimtengenezea baba vitu tangu zamani, ila hapakuwa na mtu aliyeviita zawadi. Marehemu Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ameeleza kwa kirefu kazi za mikono za nyumba ya zamani. Ndani ya kazi hizo mtoto alikua na kufundwa.

Tuchukue kamba. Mkonge umepandwa kuwa ua na mpaka wa mashamba katika vijiji vingi vya Simiyu, na mara nyingi hakuna anayeukumbuka mpaka ng'ombe apenye. Jani moja lililokomaa linatosha kuanzia. Mtu mzima hulikata na kuondoa mwiba wa nchani, kwa kuwa mwiba huo ni adui wa macho. Mtoto huliponda taratibu kwa kipande cha gogo, kisha hulikwangua juu ya ubao kwa kipande cha mti kilichochongwa ubapa, mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi zibaki. Maji ya mkonge huwasha. Mikono inawe mara kwa mara na isiguse uso. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, na zikikauka huwa nyeupe. Kisha ndipo kazi yenyewe huanza. Mtoto hugawa nyuzi mafungu mawili, husokota kila fungu pajani kuelekea upande mmoja, halafu huyaachia mafungu hayo yazungukane kuelekea upande wa pili. Hapo ndipo siri ya kamba ilipo, kwamba fungu moja likitaka kufunguka, jingine hulizuia. Kila nyuzi zinapopungua huongezwa nyingine, bila kuziongeza katika mafungu yote mawili mahali pamoja, maana kamba itakatikia hapo.

Mtoto wa miaka kumi hatamaliza pima mbili kwa siku moja. Na iwe hivyo. Ataanza wiki ya kwanza ya likizo, ataharibu, atafumua, atamwendea babu amwonyeshe. Siku ya kukabidhi, baba atapata kamba ya kumfungia ndama, ya kurekebishia kitanda, au ya kufungia mzigo nyuma ya baiskeli, naye ataijua thamani yake kwa kuivuta tu. Ni soksi gani ya dukani inayoweza kupimwa namna hiyo mbele ya aliyeitoa?

Kwa wavuvi wa visiwani, tunapendekeza kitu kinyonge kabisa cha kutazama, yaani kopo la kukumbia maji. Mitumbwi ya mbao huvuja, na asiye na chombo cha kukumbia yuko hatarini. Dumu tupu la mafuta ya kula la lita tano, likikatwa mshazari kutoka chini ya mpini hadi upande wa pili, huwa chombo kizuri chenye mshikio wake tayari. Mkubwa akate, mtoto asugue ukingo kwa jiwe la kukwaruza usimkate baba mkono usiku, atoboe tundu la kamba, na aandike jina la baba kwa msumari uliopashwa moto, mkubwa akiwapo. Ndala zilizochakaa nazo, zikikatwa vipande na kutobolewa, huwa maboya ya wavu. Kwa binti au kijana apendaye sindano, kipande cha marikani chenye upindo ulioshonwa kwa mkono na herufi za jina la baba ni kitambaa cha mkononi ambacho mzee atakwenda nacho msibani na harusini. Tungependa kusema kwamba pamba yake ni ya Bariadi, lakini sehemu kubwa ya nyuzi zetu huuzwa nje ya nchi kabla ya kuwa nguo, na hilo ni somo la siku nyingine.

Lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulipitia juu juu. Tunaposema chupa na madumu, tunasema vya mafuta ya kula na vya maji tu. Pamba hunyunyiziwa viuatilifu zaidi ya mara moja kwa msimu, na chupa tupu za dawa hizo hubaki shambani, pembeni mwa nyumba, hata mikononi mwa watoto, ambao huzifanya magari. Kuisuuza chupa ya dawa hakuifanyi kuwa chombo cha nyumbani. Chupa hizo husuuzwa mara tatu, maji yake yakamwagwa ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha hutobolewa ili mtu asizitumie tena. Je, mkulima wa kijijini azipeleke wapi baada ya kuzitoboa? Hilo ni swali kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa halmashauri za mkoa huu na kwa maafisa ugani. Mahali pa kukusanyia chupa hizo, panapojulikana na kila kitongoji, pangekuwa kinga kubwa kwa watoto kuliko mahubiri yetu haya.

Kwa upande wa ziwa, onyo ni jingine. Matete na mafunjo ni mali nzuri ya kusukia, lakini huota majini, na maji hayo ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Asitumwe mtoto kuyakata. Akate mkubwa aliyevaa buti, au mtoto asuke kwa milala ya nchi kavu.

Sasa tugeukie shule. Tangu Mwalimu Nyerere atoe waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi, 1967, taifa limekuwa likisema kwamba mkono na kichwa vifundishwe pamoja. Utekelezaji umepanda na kushuka. Mahali pengine kazi ya mikono iligeuka kuwa kuchota maji na kulima bustani isiyokuwa ya mwanafunzi. Mtaala ulioanza kutumika Januari, 2024 una somo la Sanaa na Michezo, na sisi tunaliunga mkono. Lakini mtihani wa darasa la saba hufanywa kwa kalamu na karatasi, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hutazama kwanza kile atakachoulizwa. Tusimlaumu. Tumpe mabaki ya mbao, sindano, uzi, na mzee mmoja wa kijiji anayejua kusokota aje kwa saa mbili.

Itakumbukwa pia kwamba Siku ya Baba hukuta shule za msingi zimefungwa kwa likizo ya Juni. Kwa maoni yetu hiyo ni heri. Hakutakuwa na gwaride, wala hotuba, wala mgeni rasmi. Na hapa tunawaambia maofisa wa elimu waziwazi kwamba tusisikie shule yoyote imetoza mchango wa Siku ya Baba. Serikali ilianza kutoa elimu msingi bila malipo Januari, 2016, na mzazi hakuondolewa ada ili arudishiwe kwa jina la zawadi yake mwenyewe.

Wako watoto ambao siku hii huwachoma. Ajali ya kivuko cha MV Nyerere, karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba, 2018, iliua watu zaidi ya 220, na katika visiwa vile zimo nyumba ambazo jina la baba hutajwa kwa sauti ya chini. Wako vilevile ambao baba yao yu hai ila hajulikani aliko. Mwalimu anayewaambia wanafunzi watengeneze kitu cha baba aseme palepale kwamba baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na babu wamo, na mama aliyebeba kazi za wawili yumo pia. Lugha zetu hazijawahi kuwa na baba mmoja tu, na huo ni utajiri ambao Bibi Dodd hakuwa nao.

Kina baba nao tuna neno nao. Pamba iliyopimwa mwezi Juni ilipaliliwa na kuchumwa na mama na watoto, lakini katika nyumba nyingi fedha yake huishia mkononi mwa mtu mmoja, na wakati mwingine haifiki hata nyumbani. Mtu atakayepokea kamba iliyosokotwa na mtoto wake kwa wiki mbili, kisha akaitundika ukutani na kwenda zake mnadani na fedha yote, atakuwa ameipokea kamba na kumkataa mtoto. Daftari, sare na viatu vya Julai vinunuliwe kwanza.

Kwa kuwa shule hufungwa kwa likizo ya Juni, maandalizi hayana budi kuanza mapema mwezi wa Mei. Tunawaomba maofisa elimu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, pamoja na wenzao wa Ukerewe, wawaruhusu walimu wakuu kutumia kipindi kimoja kwa wiki katika mwezi wa Mei kwa ajili ya kusokota, kusuka na kushona; na tunawaomba mafundi seremala wa mijini wasichome vipande vya mbao vinavyobaki, bali waviweke kando kwa ajili ya shule iliyo karibu nao.