Hoja za Maandishi Baada ya Baraza Kufungwa

Katika kanuni ambazo Serikali ya Marekani imeziweka kwa mabaraza ya hadhara juu ya masoko ya mazao, mabaraza yatokanayo na sheria ya mwaka 1937, hakuna initiayo moyo kama ile inayowaruhusu wenye maslahi, baraza likisha kufungwa, kupeleka hoja zao kwa maandishi katika muda uliowekwa na msimamizi, ila kwa sharti kwamba hoja hizo zitegemee ushahidi uliokwisha kutolewa barazani, na kwamba mwandishi, kwa kadiri iwezekanavyo, ataje ukurasa wa kumbukumbu ambamo ushahidi huo umo. Habari mpya haitajwi. Na ikitajwa, haiingizwi katika uamuzi.

Kwa hiyo tajiri wa kiwanda hawezi kunyamaza siku zote za baraza, kisha akaleta hesabu zake faraghani baada ya wakulima kurejea makwao, asipokuwapo wa kumhoji. Alicho nacho na akiseme kwa kiapo, mbele ya wale watakaonufaika au kudhurika kwacho.

Lakini baraza la bei ya maziwa lililokutana Carmel, katika jimbo la Indiana, tangu Agosti 2023 hadi Januari 2024, lilichukua siku 49, na kumbukumbu zake zikapita kurasa 12,000. Na mfugaji anayekama alfajiri na jioni, asiye na wakili wala karani, atazipekua lini? Ndiyo sababu nayathamini mno maneno yale, "kwa kadiri iwezekanavyo", kwani msimamizi akiitupa hati ya mfugaji kwa kukosa nambari ya ukurasa tu, ilhali ushahidi wenyewe ulisikika dhahiri shahiri, atakuwa amemdhulumu. Katazo la habari mpya lishikwe kwa ukali. Sharti la kurasa lishikwe kwa huruma.

Kwa kufuata mfano huo, nchini Kenya, ambako Kifungu cha 118 cha Katiba ya mwaka 2010 chalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi, nazisihi kamati zinazosikiliza mambo ya chai, kahawa na sukari zitangaze muda wa maandishi siku ile ile kikao kifungwapo, nao usianze kuhesabiwa mpaka kumbukumbu za kikao zimetolewa bure, kwa Kiswahili pia, na kila hati iliyopokelewa iwekwe wazi, pamoja na jina la aliyeileta.