Amri za Kibodi Zifundishwe kwa Kiswahili

Iko kasumba ya kudhani kwamba ufundi wa kompyuta ni wa watu wa miji mikubwa, na kwamba mwalimu au mtumishi wa Serikali aliyeko Makanyagio, katika Manispaa ya Mpanda, kazi yake ni kubonyeza tu pale alipoelekezwa. Kasumba hiyo haina budi kupigwa vita. Mahali pazuri pa kuanzia ni ujuzi ambao wengi huukimbia: kuhariri maandishi kwa amri za kibodi peke yake, bila kipanya.

Programu mashuhuri ya kazi hiyo ni Vim. Mwenye kuifungua mara ya kwanza hushikwa na bumbuwazi. Huandika sentensi yake, nayo haitokei ilivyo; pengine alama ya kuandikia huruka huku na huko, na maneno yaliyokuwapo hufutika. Hudhani mashine imeharibika, kumbe ni nzima. Programu hiyo ina hali mbili kuu: hali ya kuamuru, ambamo kila herufi ni agizo, na hali ya kuandika, ambamo herufi ni herufi. Huanza katika hali ya kuamuru. Herufi i humwingiza mtu katika kuandika, na kitufe cha Esc humrudisha. Asiyejua hilo moja hata kutoka hawezi.

Utaratibu huo haukubuniwa kwa ajili ya kuwasumbua watu. Ulianza katika programu ya vi, iliyoandikwa mwaka 1976 na Bill Joy, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Laini yake ya simu ilipitisha herufi 30 hivi kwa sekunde, hata kujaza kioo cha mistari 24 yenye herufi 80 kuliweza kuchukua zaidi ya dakika moja. Ilibidi amri ziwe fupi. Dhiki ile imegeuka faida. Programu ya namna hii haidai mashine kubwa wala mtandao wenye nguvu, na hilo si jambo dogo kwa shule yenye kompyuta kuukuu, au kwa ofisi inayotunza seva iliyo mji mwingine.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba Afrika Mashariki si mgeni katika habari hii. Vim yenyewe ilitolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki Agosti 3, 2023. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, katika eneo ambalo UKIMWI uliacha yatima wengi. Tangu hapo programu yake, ambayo hutolewa bure, iliwaomba watumiaji wawasaidie watoto wa Uganda. Kwa miaka mingi mafundi wa dunia nzima wamelisoma ombi hilo walipoifungua. Huo ni wema usio na shaka. Lakini haitoshi eneo hili lijulikane katika chombo hicho kama mahali pa kusaidiwa tu. Sharti lijulikane pia kama mahali penye mafundi wake.

Kizuizi kikubwa ni namna ya kufundisha. Mwanafunzi akipewa orodha ndefu ya amri aikariri, ataisahau baada ya mtihani. Mwalimu wa Kiswahili anajua njia bora, kwa maana hamfundishi mtoto pika, pikia na pikisha kama maneno matatu yasiyohusiana. Humfundisha mzizi na viambishi vyake. Amri za Vim nazo huungana vivyo hivyo. Herufi d ni kufuta, w ni neno, na alama ya $ ni mwisho wa mstari. Basi dw hufuta neno, na d$ hufuta mpaka mwisho wa mstari. Ajuaye kwamba c ni kubadili hahitaji kuambiwa maana ya cw.

Zaidi ya hayo, herufi hizo zimetokana na maneno ya Kiingereza, lakini Kiswahili kinaweza kuzipa maana zake. I ni ingiza, d ni dondosha, p ni pachika, u ni umekosea, rudi nyuma. K ni kwea mstari wa juu. Bali j itazamwe kwa hadhari, kwani si juu, ni chini. Amri ya :w ni weka akiba, na :q, yenye herufi isiyo na makao katika alfabeti yetu, ndiyo ya kutokea.

Wapo watakaosema kwamba zipo programu rahisi zaidi. Ni kweli, na karani anayeandika barua mbili kwa siku asilazimishwe kuziacha. Lakini anayefundisha somo la kompyuta, na anayetunza mitambo ya ofisi, hawana udhuru. Vim huja na mazoezi yake, vimtutor, ya kama nusu saa. Mwalimu ayafanye kwanza yeye mwenyewe, ayaandike ubaoni kwa Kiswahili, kisha awaachie wanafunzi kibodi. Watakosea, watabonyeza u, na wataendelea.