Tuzo kwa Watafiti ni Hatua Njema, Mwandishi wa Kitaaluma Asaidiwe Tangu Mwanzo wa Safari

Na Mwandishi Wetu

Katika mwaka wa fedha 2022/2023, Serikali kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza kutenga Shilingi bilioni 1 kwa ajili ya kuwatuza wanataaluma wa Kitanzania watakaochapisha matokeo ya tafiti zao katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu, kiwango kikiwa Shilingi milioni 50 kwa andiko. Aprili 13, 2023, washindi wa kwanza wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nao walitangazwa. Kwa hatua hizo mbili, mtunzi na mtafiti wote wamepewa heshima wanayostahili.

Hata hivyo, tuzo hutolewa kwa aliyekwisha kufika. Jambo linalohitaji kutazamwa kwa makini ni safari yenyewe, yaani yale anayokabiliana nayo mwandishi wa kitaaluma kabla andiko lake halijaonekana.

Changamoto ya kwanza ni muda. Mhadhiri hufundisha, husahihisha mitihani, husimamia tasnifu za wanafunzi na kuhudhuria vikao vya idara. Uandishi husogezwa hadi usiku au likizo, ilhali kupanda kwake cheo kunategemea machapisho. Anadaiwa kazi ambayo ratiba yake haikuitengea nafasi.

Changamoto ya pili ni gharama. Zamani aliyelipia jarida alikuwa msomaji au maktaba. Leo majarida mengi yaliyo wazi kwa wasomaji wote humtoza mwandishi. Jarida la Nature, kwa mfano, lilitangaza mwishoni mwa mwaka 2020 kuwa ada ya kuifanya makala moja iwe wazi ni yuro 9,500. Wachapishaji wengi hupunguza au kusamehe ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, lakini vigezo vyao havifanani, na tangu Julai 2020 Benki ya Dunia inaihesabu Tanzania miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha ngazi ya chini. Mwandishi asiyeulizia masharti kabla ya kuwasilisha mswada wake anaweza kukubaliwa kisha akashindwa kulipa.

Hapo ndipo wanapoingia wachapishaji laghai. Hawa huahidi kuchapisha ndani ya siku chache, hupokea ada, wala hawaupeleki mswada kwa wanataaluma wengine wautathmini. Mkutubi wa Marekani Jeffrey Beall alijulikana kwa kuorodhesha majarida ya aina hiyo hadi alipoiondoa orodha yake mwaka 2017. Mtafiti chipukizi anayeshinikizwa na muda na cheo ndiye windo lao jepesi, na akishanaswa, matokeo mazuri ya utafiti hupotea mahali ambapo hakuna atakayeyaamini.

Changamoto ya nne inamgusa mwananchi moja kwa moja, nayo ni lugha. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi mapana Oktoba 2021, ilifanyiwa majaribio makubwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe. Matokeo yalichapishwa katika New England Journal of Medicine mwaka 2011 na The Lancet mwaka 2015, kwa Kiingereza. Hilo lilikuwa sahihi, kwa kuwa sayansi inapaswa kupimwa na dunia nzima. Lakini lugha ya makala hizo si lugha ya nyumbani ya wazazi waliokubali watoto wao washiriki. Utafiti usiporejea kwa waliouwezesha, deni linakuwa halijalipwa.

Misingi ya kujengea ipo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986, na kupitia mfuko wake wa uendelezaji sayansi na teknolojia watafiti hupata fedha za ushindani. Mpango wa Research4Life, ulioanza na huduma ya Hinari mwaka 2002, huzipatia taasisi za nchi zinazoendelea majarida bure au kwa gharama ndogo. AuthorAID, tangu mwaka 2007, huwakutanisha waandishi chipukizi na walezi wazoefu. Nalo jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo asili yake ni mwaka 1930, linathibitisha kuwa lugha yetu inaimudu hoja ya kitaaluma.

Kinachohitajika sasa ni kuiunganisha misaada hiyo na mwanzo wa safari. Vyuo vinaweza kuwatengea wahadhiri saa za uandishi katika ratiba rasmi, na maktaba zikawa na dawati la kuhakiki jarida kabla mwandishi hajatoa fedha. Sehemu ya fedha za utafiti ielekezwe katika ada za uchapishaji, kwa vigezo vinavyojulikana mapema. Aidha, kila utafiti unaogharamiwa na fedha za umma uambatane na muhtasari wa Kiswahili fasaha, na muhtasari huo uhesabiwe katika tathmini ya mwanataaluma, usiachwe kuwa hisani yake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mtafiti wa Kitanzania ameanza kutuzwa kwao kwa yale anayoyachapisha ugenini, na ni jambo la kupongezwa. Litakamilika pale mkulima, muuguzi na mzazi watakapoweza kusoma wenyewe, kwa lugha wanayoielewa, kile ambacho kodi zao zimesaidia kugundua.