Wakorsika walikataa, Sahara haikuulizwa

Oktoba 2025 Rais Donald Trump alitangaza kwamba Marekani itaanza tena kujaribu silaha za nyuklia. Miaka miwili kabla yake, Novemba 2023, Urusi ilikwisha kuondoa ridhaa yake katika mkataba wa kimataifa unaopiga marufuku majaribio hayo. Kwa mkulima wa Ziba, mkoani Tabora, anayewaza mvua na bei ya pamba, habari hizi ni ugomvi wa wakubwa, wamalizane huko huko. Nadhani zinamhusu, na ushahidi wangu wa kwanza ni ramani. Tangu Julai 1945 mabomu zaidi ya 2,000 yamelipuliwa kwa majaribio, na ukifuatilia yalilipuliwa wapi utaona kwamba wenye mabomu waliijua hatari kuliko walivyokuwa tayari kuikiri. Karibu kila mara waliyapeleka kwa watu ambao hawakuwa na namna ya kuwakatalia.

Tuanze na bara letu. Februari 13, 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza karibu na Reggane, kusini mwa Algeria, likiwa limetundikwa juu ya mnara wa mita 100. Lilikuwa na nguvu ya kilotani 70, zaidi ya mara nne ya lile lililoiangamiza Hiroshima. Yalifuata mengine matatu hapo hapo, kisha 13 chini ya milima ya In Ekker. Afrika haikunyamaza: Ghana ya Nkrumah ilizuia mali za Wafaransa, Morocco ikamwita nyumbani balozi wake, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umeiomba Paris iache hata kabla ya mlipuko. Jibu lilikuwa kwamba jangwa lile ni tupu. (Sisi wa njia ya misafara tunalifahamu jibu hilo, wachora ramani wa Ulaya waliiacha nyeupe katikati ya Afrika wakati Tabora imejaa wapagazi na wafanyabiashara.) Mei 1, 1962, katika jaribio lililoitwa Béryl, handaki lilishindwa kuzuia mlipuko na wingu la mionzi likatoka mlimani. Mawaziri wawili waliokuja kushuhudia, Pierre Messmer na Gaston Palewski, walitimua mbio pamoja na askari, wakaoshwa, wakarudi kwao. Watuareg wa eneo lile walibaki na mchanga wao. Sheria ya Ufaransa ya kuwafidia waathirika ilipitishwa mwaka 2010, na Waalgeria waliofaidika nayo ni wachache mno.

Sasa linganisha na Corsica. Mwaka huo huo wa 1960 serikali ya Ufaransa ilifikiria kutumia mgodi wa zamani wa Argentella, katika kisiwa hicho chake, kwa majaribio ya chini ya ardhi. Wakorsika waliandamana, na mpango ukafa. Utaalamu ulikuwa ule ule, na serikali ni ile ile. Tofauti ni kwamba Mkorsika alikuwa na kura, na Mualgeria alikuwa vitani akidai uhuru wake. Ilipobidi kuondoka Sahara, Ufaransa ilikwenda Polinesia, upande wa pili wa dunia, ikaendelea hadi Januari 1996. Waingereza walijaribu mabomu Australia, Wasovieti Kazakhstan, Wachina Xinjiang, na Wamarekani walilipua mabomu 67 katika visiwa vya Marshall. Huko, Machi 1, 1954, bomu la Bravo lililipuka kwa nguvu ya megatani 15, zaidi ya maradufu ya ilivyotarajiwa. Unga mweupe wa matumbawe yaliyoungua uliwanyeshea watu wa Rongelap, watoto wakauchezea. Walihamishwa baada ya siku mbili, wengine tayari wakitapika na ngozi zimeungua.

Kuna atakayenipinga kwa kutaja Nevada, ambako Wamarekani walilipua mabomu mengi ndani ya nchi yao wenyewe. Ni kweli, lakini mfano huo unaniunga mkono. Wataalamu wa Nevada walisubiri upepo usioelekea Las Vegas wala Los Angeles, na vumbi likaangukia wafugaji na vijiji vya Utah, ambao Bunge la Marekani lilikuja kupitisha sheria ya kuwalipa mwaka 1990. Hata nyumbani kwake, mwenye bomu alitafuta kwanza nani yuko mbali na nani ana sauti ndogo.

Upepo lakini haukuishia walikoutaka. Strontiamu-90, moja ya masalia ya mionzi ya milipuko hiyo, hudondoka na mvua juu ya majani, ng'ombe huyala, nayo hutokea kwenye maziwa. Mwili huipokea kana kwamba ni kalisi na kuijengea ndani ya mifupa ya mtoto. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1958 wanasayansi wa St. Louis, Marekani, walikusanya meno ya watoto yaliyong'oka, wakaona kiasi chake kinapanda kadiri majaribio yalivyoongezeka. Sesiamu-137 nayo huigiza potasiamu na kupanda hadi kwenye maua. Mwaka 2021 watafiti walipima asali ya mashariki mwa Marekani na kuikuta bado imo, miongo sita baada ya milipuko mikubwa ya angani. Kiasi hicho hakikuwa cha kumdhuru mlaji, na sisemi asali ya Tabora ina tatizo. Ninachosema ni kwamba nyuki hawajui mkataba wa kusimamisha majaribio ulisainiwa lini. Sumu hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Plutoniamu ya mabomu hayo huchukua miaka 24,000.

Na magharibi mwa Tanzania inahusika na chimbuko lenyewe la bomu. Katikati ya karne ya 19 Msiri alitoka Unyamwezi kwa njia ya biashara ya shaba, akajenga dola la Wayeke huko Bunkeya, Katanga, katika Kongo ya leo, hadi Desemba 1891 alipouawa na msafara wa Kapteni Stairs ulioanzia Bagamoyo. Katika Katanga hiyo hiyo, chini ya Wabelgiji, ulichimbwa mgodi wa Shinkolobwe, wenye mawe ya urani yaliyofikia asilimia 65 wakati kwingine hata asilimia moja ilikuwa haifiki. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilitoka hapo. Wachimbaji hawakuambiwa mawe hayo yangetumika kufanya nini.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba silaha hizi zimezuia vita vikuu, kwa hiyo lazima zijaribiwe zisije zikachakaa. Tukubali sehemu ya kwanza kwa ajili ya mjadala. Ya pili haisimami, maana Marekani haijalipua bomu la majaribio tangu Septemba 1992 na hakuna adui aliyeacha kuliogopa ghala lake. Katika karne hii ni Korea Kaskazini peke yake iliyojaribu, mara sita, ya mwisho mwaka 2017. Anayetaka kurudia leo anatafuta kutisha, na vitisho vya namna hiyo huigwa haraka.

Wengine watauliza Tanzania ina ubavu gani. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliungana na viongozi wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina, na Januari 1985 mjini Delhi wakadai majaribio yasimame. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na bomu kwenye ghala lake. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika isiwe na silaha za nyuklia, pamoja na ule wa kupiga marufuku majaribio. Mkataba wa mwaka 2017 wa kupiga marufuku silaha zenyewe, ambao pia unadai waathirika wahudumiwe na ardhi isafishwe, tuliutia saini mwaka 2019, na hadi mwanzoni mwa 2025 tulikuwa hatujauridhia. Wakati huo huo, Julai 2025, ulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kuchakata urani Mto Mkuju, Namtumbo, katika mradi unaoendeshwa na kampuni tanzu ya Rosatom, shirika la serikali ya Urusi linalosimamia pia viwanda vya silaha za nyuklia za nchi hiyo. Sidai kwamba urani ya Namtumbo itaishia kwenye bomu. Umeme nao unaihitaji, na upo ukaguzi wa kimataifa. Lakini mnunuzi ni nani, inapelekwa wapi, na nani anathibitisha ilikofika, ni maswali ambayo wabunge wetu, wakiwamo wa Tabora, wanaweza kuyauliza katika kikao kimoja na mkataba huo wa 2017, kisha majibu yachapwe mahali ambapo mwananchi wa Namtumbo anaweza kuyasoma.